Betri Ikifa, Kindle Haijafa

Katika mazungumzo ya leo nina neno kuhusu kile kifaa chembamba cha kusomea vitabu, chenye kioo cha kijivu kisichomeremeta kama cha simu. Wengi tunakiita Kindle, hata kikiwa kimetengenezwa na kampuni nyingine. Huenda nawe unacho. Alikuletea shangazi aliye Muscat, au kaka aliyerudi kutoka masomoni. Ukakisomea vizuri miaka minne mitano, kisha kikaanza kukata chaji. Leo kimo kwenye droo, pamoja na zile chaja ambazo hakuna anayekumbuka zilikuwa za simu gani. Mtu akikuuliza, unajibu: hicho kilishakufa.

Hakijafa. Kilichokufa ni betri, na betri ni kipuri. Tena ni kipuri ambacho watu wengi wanaweza kukibadilisha wenyewe, mezani nyumbani. Na pale wanaposhindwa, mara nyingi kushindwa kwao kulipangwa mapema na mtu mwingine, siku kifaa kilipokuwa kinachorwa. Hilo ndilo nililokuja nalo leo.

Tuanze na kwa nini kifaa hiki kinastahili kuhangaikiwa. Kioo chake kinatumia teknolojia ya E Ink, jina la kampuni iliyoanzishwa mwaka 1997 na watu waliotoka chuo cha MIT, Marekani. Ndani ya kioo hicho mna vifuko vidogo mno, kila kimoja unene wake ni kama wa unywele, na ndani ya kila kifuko mna chembe nyeupe na chembe nyeusi zinazoelea kwenye majimaji. Chembe za rangi moja zina chaji chanya, za rangi nyingine zina chaji hasi. Umeme ukipita, nyeupe zinapanda juu au nyeusi zinapanda juu, na herufi inajichora. Umeme ukikatwa, chembe zinabaki palepale zilipo. Ndiyo maana Kindle iliyoisha chaji kabisa bado utaikuta na picha kwenye kioo. Kuonyesha maandishi hakuli umeme. Kinachokula umeme ni kufungua ukurasa mpya, kuwasha taa, na kuhangaika na mtandao.

Kwa sababu hiyo matangazo yake huhesabu chaji kwa wiki. Kindle Paperwhite ya kwanza, ya mwaka 2012, ilitangazwa kuwa inakaa na chaji hadi wiki 8. Lakini hebu tupige hesabu. Maandishi madogo ya tangazo yalisema ni kwa mtu anayesoma nusu saa kwa siku, akiwa amezima mtandao. Nusu saa kwa siku 56 ni saa 28. Basi mtu anayemaliza riwaya nzima Jumamosi na Jumapili ataona chaji inashuka upesi, na betri yake ikawa haina kosa lolote.

Sasa betri hizi hufa kwa nini? Betri ya lithiamu kwa kawaida huvumilia kujazwa na kumalizwa mara 300 hadi 500, ndipo uwezo wake unaposhuka hadi asilimia 80 hivi. Simu inayochajiwa kila usiku hufika huko ndani ya mwaka mmoja na nusu. Kindle inayochajiwa mara mbili kwa mwezi ingehitaji miaka ishirini. Kwa hiyo kazi siyo inayoiua. Kinachoiua ni umri, joto, na kuachwa tupu.

Umri, kwa sababu kemikali za ndani huchakaa zenyewe hata kifaa kisipoguswa. Joto, kwa sababu huharakisha uchakavu huo, nasi watu wa pwani joto hatulitafuti, linatutafuta lenyewe. Kifaa kilichoachwa kwenye dashibodi ya gari, vioo vimefungwa, jua la Februari pale Dar es Salaam, kinachakaa upesi zaidi kuliko kilichokaa ndani kivulini. Na kuachwa tupu, kwa sababu kifaa kilichowekwa kabatini bila chaji huendelea kuvuja kidogokidogo, mpaka betri inashuka chini ya kiwango kinachokubaliwa na saketi yake ya ulinzi, nayo saketi inafunga mlango. Ukikichomeka baada ya miaka miwili hakitoi hata taa. Anayejua hatakiacha hivyo. Atakiweka kikiwa na chaji ya nusu, mahali pasipo na joto, na baada ya miezi michache atakikumbuka.

Kabla hujashika bisibisi, hakikisha kosa ni la betri kweli. Badilisha waya wa chaji kwanza, maana ile midogo ya zamani huchoka upesi kuliko kifaa. Tundu la kuchajia litazame kwenye mwanga, utoe vumbi taratibu kwa kijiti cha meno. Kisha kiache kwenye chaji usiku kucha, kwa chaja ndogo au kwenye kompyuta, kwa kuwa betri iliyoshuka sana huamka polepole. Kikiwaka, weka hali ya ndege ili kisitafute mtandao bure. Halafu ujiulize kama hivi karibuni uliingiza vitabu vingi kwa mkupuo. Ukiingiza vitabu mia mbili siku moja, kifaa hukaa kinapitia neno kwa neno ili baadaye uweze kutafuta ndani yake, na kazi hiyo hunyonya chaji bila wewe kuona kitu kiooni. Mwishowe bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 40, kijiwashe upya. Kama baada ya hayo yote bado kinazimika njiani, betri imechoka. Na kama mgongo wa kifaa umefura, au kioo kimeanza kunyanyuka pembeni, hapo hakuna cha kujaribu. Betri imevimba. Usikichaji tena hata dakika moja.

Kuna swali jingine la kujiuliza kabla hujatoa pesa: kifaa kikiamka, bado kitakuwa na kazi? Mwaka 2022 Amazon, kampuni yenye Kindle, ilizifungia Kindle kadhaa za zamani, ikiwemo ile yenye kibodi, zisiweze tena kununua vitabu moja kwa moja kutoka kwenye kifaa. Lakini vitabu ulivyo navyo vinasomeka, na vingine unaweza kuviingiza kwa waya kutoka kwenye kompyuta, ukitumia programu ya bure iitwayo Calibre, inayogeuza faili la aina moja kuwa la aina inayokubaliwa na kifaa chako. Kwa hiyo ndiyo, kazi ipo.

Tuje kwenye kununua betri, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa. Tafuta kwanza namba ya toleo la kifaa chako, mgongoni au kwenye mipangilio. Halafu soma lebo ya betri yenyewe. Betri ya Paperwhite ya kwanza imeandikwa volti 3.7 na uwezo wa mAh 1420. Ya Kindle yenye kibodi ya mwaka 2010 ni mAh 1750. Ya Kindle ndogo ya mwaka 2011 ni mAh 890 tu. Volti lazima zilingane. Hizo mAh zikitofautiana kidogo si neno. Lakini ukiona muuzaji anakuuzia betri yenye umbo lilelile, unene uleule, ameiandika mAh 3000, huyo anauza karatasi. Uwezo wa betri unategemea ukubwa wake, na wino wa lebo hauongezi kitu.

Utashangaa pia kwamba wauzaji wengi wa ng'ambo wanakataa kutuletea betri peke yake, ilhali simu nzima wanaleta. Hawana chuki nasi. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria. Zinapanda ndege za mizigo tu, tena zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Basi betri mpya ikikufikia ikiwa na chaji kidogo, usiikatae kwa hilo. Abiria yeye anaruhusiwa kubeba betri ya akiba kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, ikiwa haizidi Wh 100. Ya Paperwhite ni Wh 5 na kitu. Kwa hiyo yule shangazi wa Muscat anaweza kukuletea bila wasiwasi, awe ameifungia ncha zake kwa mkanda wa plastiki zisiguse funguo wala sarafu.

Au utaenda kwa fundi simu, pale Mtaa wa Aggrey Kariakoo, au Luthuli Avenue kama uko Nairobi. Fundi ataigeuzageuza, kisha atakwambia: "Mama, ya kwake haipo. Lakini ninayo ya simu, volti zilezile. Nikuunganishie?" Mjibu kwa upole: "Hapana mwanangu, nitafute ya kwake." Sababu ni kwamba betri nyingi za vifaa hivi hazina waya mbili tu za chanya na hasi. Zina ncha nyingine inayokiambia kifaa betri ina joto gani au ni betri ya aina gani. Ukiunganisha chanya na hasi ukaacha hiyo ya tatu ikining'inia, kifaa kinaweza kukataa kuchaji kabisa. Kibaya zaidi ni pale kinapochaji kikiwa hakijui kwamba betri inachemka.

Haya, betri imepatikana. Tumia kifaa cha zamani mpaka chaji ishuke chini ya robo, kama bado kinawaka, kwa kuwa betri yenye chaji kidogo ina hatari ndogo. Tandika kitambaa mezani penye mwanga. Andaa bisibisi ndogo ya nyota, saizi 00, kadi ya benki iliyokwisha muda, na sahani ya kuwekea skrubu. Kisu kiache jikoni.

Nichukue mifano miwili, utaona tofauti. Wa kwanza ni ile Kindle yenye kibodi ya mwaka 2010. Mfuniko wake wa nyuma umeshikwa na vijino vya plastiki. Unachomeka kona ya kadi kwenye ufa wa pembeni, unaipitisha polepole, na unasikia vijino vinaachia kimoja kimoja: tak, tak, tak. Mfuniko unatoka mzima. Betri iko mbele yako, imeshikwa kwa skrubu mbili. Fungua skrubu, inua betri, weka mpya, rudisha skrubu, bana mfuniko. Mtoto wa darasa la saba mwenye mkono mtulivu anaimaliza huku unamtazama.

Mfano wa pili ni Paperwhite ya 2012. Hii haifunguki mgongoni. Unaanza mbele, kwenye ile fremu nyeusi inayozunguka kioo, iliyobandikwa kwa gundi. Unaianzia kwenye kona, na kadi lazima iende chini ya fremu tu. Ukiizamisha ndani zaidi inaingia kwenye tabaka za kioo, na hapo umeua kitu ambacho bei yake inapita ya betri. Kioo hiki ni chembamba, kina tabaka la vioo halisi ndani, na hakisamehi kupindwa. Fremu ikitoka unaziona skrubu pembezoni. Ukizitoa, sehemu yote ya ndani inanyanyuka kama kitu kimoja. Igeuze juu ya kitambaa, kioo chini, na betri utaikuta mgongoni. Kazi ya kwanza hapo ni kuchomoa kiunganishi chake, ili umeme usiwepo kwenye mazabodi wakati unaendelea.

Katika matoleo mengine betri yenyewe imebandikwa kwa gundi. Vuta pole, tumia kadi, dondosha matone ya spiriti pembeni gundi ilegee. Usiikunje, usiitoboe, usiichokonoe kwa chuma. Betri hizi hazina gamba gumu, zimefungwa kwenye karatasi laini ya fedha, na ikitobolewa inaweza kuwaka palepale. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu. Ukisikia harufu tamutamu ya dawa, au ikaanza kupata moto, acha kila kitu, itoe nje, na usivute moshi wake. Ukishaweka betri mpya, jaribu kuwasha na kuchaji kabla hujafunga, ndipo urudishe fremu.

Mifano hiyo miwili imetofautiana miaka miwili tu, kutoka kampuni ileile. Turudi nyuma zaidi. Kindle ya kwanza kabisa, iliyotoka Novemba 2007 kwa dola 399, ilikuwa na mfuniko wa nyuma unaotelezeshwa kwa kidole, na betri unaitoa mwenyewe. Mwaka 2009 toleo la pili likaja limefungwa. Paperwhite ya 2018 ikaja haiingii maji, kioo kimebandikwa kwa gundi usawa na fremu yake. Kuifungua kunahitaji kupasha joto, hatari ya kupasua kioo ni kubwa, na baada ya hapo hakuna wa kukuhakikishia kwamba bado haiingii maji. Kwa toleo la namna hiyo ushauri wangu ni mmoja: mpelekee fundi mwenye mashine ya kupashia vioo vya simu, na mkubaliane kabla hajaanza nani atalipa kioo kikipasuka.

Kampuni zina sababu zao, na si zote za uongo. Watu wanapenda kifaa chembamba. Wanapenda kusoma ufukweni bila hofu ya maji. Lakini gundi si njia pekee. Mwaka 2024 kampuni ya Kobo ilitoa matoleo mapya, Clara mbili na Libra Colour, ikashirikiana na kampuni ya iFixit ya Marekani ili wenye vifaa wapate vipuri na maelekezo ya kutengeneza wenyewe. Na matoleo hayo pia yametengenezwa kuhimili maji.

Ulaya nako wameacha kubembeleza. Kanuni yao ya betri ya mwaka 2023 inasema kuanzia tarehe 18 Februari 2027, kifaa chenye betri ndogo kinachouzwa kwao kiwe na betri ambayo mtumiaji wa kawaida anaweza kuitoa kwa vifaa vinavyopatikana dukani, bila kuhitaji joto wala dawa ya kuyeyusha gundi. Na betri za akiba ziendelee kupatikana kwa angalau miaka 5 baada ya toleo kuacha kuuzwa. Kuna misamaha, kwa mfano kwa vifaa vinavyotumika hasa penye maji, na bila shaka wapo watakaojificha humo. Sheria hiyo haitufungi sisi wa Dar, Mombasa wala Bujumbura. Lakini vifaa vinavyotufikia vingi ni vya dunia nzima, na vingi zaidi vimeshatumika huko. Kinachofunguka Berlin kitafunguka Kariakoo.

Betri ya zamani usiitupe jalala ambako takataka huchomwa moto. Ziba ncha zake kwa mkanda, iweke kwenye chombo kisichoshika moto, kisha itafutie njia. Nairobi kipo WEEE Centre kinachopokea taka za kielektroniki. Kwingine muulize afisa mazingira wa halmashauri yako, na mafundi wakubwa wa simu mara nyingi wanawajua wanaozikusanya.

Nimalizie na shule, kwa sababu huko ndiko kipuri hiki kinakoamua mengi. Kuanzia mwaka 2010 shirika la Worldreader lilipeleka vifaa hivi kwa wanafunzi Ghana, kisha Kenya na Uganda, na wafadhili wengine wengi wamefuata nyayo. Kifaa kimoja kinabeba vitabu vya maktaba nzima, na kinachajiwa kwa sola ndogo. Lakini kila kifaa kina betri, na kila betri ina siku yake. Siku hiyo ikifika, shule yenye vipuri inaendelea kusoma, na isiyo navyo inafunga kabati.

Kwa hiyo kamati ya shule yenu ikiletewa vifaa ishirini vya msaada, mwenyekiti ashukuru, kisha aulize kabla ya kupiga picha ya pamoja: betri yake inatokaje, na ya akiba tutaipata wapi? Mfadhili mwenye nia njema hatachukia. Akikosa jibu, mwombeni alete vifaa kumi na tano, na pesa za vitano zinazobaki zinunue betri na bisibisi. Na wewe unayenunua kimoja cha nyumbani, uliza hayohayo mbele ya muuzaji, kabla hujauliza rangi.